Mashindano ya Vis: Sharti uweze kutetea pande zote mbili

MASHINDANO ya Vis ya usuluhishi wa kibiashara wa kimataifa huwakutanisha wanafunzi wa sheria jijini Vienna, Austria, kila mwaka kabla ya Pasaka. Matayarisho, hata hivyo, huanza Oktoba, kesi ya kubuni inapotolewa.

Kwanza timu huandika hoja za mdai. Kisha humgeukia mdaiwa na kujibu hoja za timu nyingine. Aliyemtetea muuzaji jana huenda akampinga leo; hivyo asiyeuona udhaifu wa upande wake hukwama mapema.

Nguzo kuu ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa. Mkenya ana pa kuanzia, kwani Sheria ya Usuluhishi ya 1995 ilifuata kielelezo cha Umoja huo.

Mbele ya jopo la wasuluhishi, maswali hukatiza hotuba. Aliyekariri huyumba, aliyeisoma kesi kikamilifu hujibu.

Nairobi ina kituo chake cha usuluhishi wa kimataifa, kilichoundwa kwa sheria ya 2013. Bila mawakili waliopikwa wakaiva hivyo, migogoro yetu itaendelea kutetewa na wageni.