Ngalawa, na Jinsi ya Kutazama Chini ya Bahari

Sisi wa Kirua Vunjo tu watu wa mlima. Maji tuyajuayo sana ni yale ya mfongo, nayo humfika mtoto magotini tu. Walakini maji hayo yana safari ndefu. Mito ya Vunjo hushuka katika tambarare za Kahe, huingia Mto Ruvu, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji huitwa Mto Pangani, nayo hupita katika kinamasi kimoja ambacho, ajabu, nacho chaitwa Kirua, huendesha mitambo ya umeme huko Hale, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Makala haya yahusu mahali hapo maji yetu yaishiapo, hasa kwa kuwa siku hizi wanafunzi hupelekwa pwani kwa matembezi ya masomo, na wazazi wengi huuliza kama mtoto asiyejua kuogelea aweza kutiwa chomboni na kurudi salama.

Katika visiwa vya Karibi, abiria wa meli kubwa za matembezi washukapo bandarini huchukuliwa kwa chombo cha tanga kiitwacho katamarani mpaka penye miamba, wakavaa miwani ya kuzamia, wakatazama samaki. Kwetu jambo hilo hilo lafanyika kusini ya Pangani, mbele ya kijiji cha Ushongo, mahali paitwapo Maziwe, kama kilomita 8 kutoka ufukoni. Wageni wengi hupelekwa huko kwa mashua yenye injini. Chombo chetu cha asili kifananacho na katamarani ni ngalawa, nami nataka kuanza na hiyo, kwa sababu aijuaye ngalawa amekwisha jua nusu ya somo la kuelea.

Neno katamarani latoka katika lugha ya Kitamil ya India ya kusini, na maana yake ni miti iliyofungwa pamoja. Katamarani ya leo ina matumbo mawili yaliyo sawa, yameunganishwa kwa jukwaa. Ngalawa ina tumbo moja tu, jembamba, lililochongwa katika gogo, aghalabu la mwembe. Gogo jembamba namna hii likitiwa majini na kuwekwa mlingoti na tanga lingepinduka mara upepo wa kwanza upigapo. Basi mafundi hukingamisha miti miwili juu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katika ncha za miti hiyo, kuume na kushoto, hufunga mbao zigusazo maji. Mbao hizo huitwa matengo, na wengine huziita ndubi. Wataalamu wengi husema kwamba ufundi huu uliletwa zamani na mabaharia waliotoka pande za Indonesia, watu wale wale ambao lugha yao yasemwa Bukini mpaka leo.

Tengo hufanya kazi gani? Mwanafunzi aliyesoma habari za nyenzo ataelewa upesi. Upepo ukisukuma tanga, chombo hulalia upande mmoja. Tengo la upande huo huzama kidogo, na maji hulisukuma juu. Tengo la upande wa pili huinuliwa, na uzito wake huvuta chini. Nguvu zote mbili zarudisha chombo mahali pake, na kwa kuwa zinafanya kazi mbali na katikati, nguvu ndogo yatosha. Upepo ukizidi, baharia mmoja hutoka akaketi juu ya ule mti uliokingama, upande utokako upepo. Mtu wa kilo 60 akiketi mita 2 kutoka katikati, ni sawa na kuweka mzigo wa kilo 120 mita 1 kutoka katikati. Mama apandaye mteremko na mkungu wa ndizi kichwani hunyosha mkono upande wa pili akihisi kwamba mzigo unamwelemea. Hajafundishwa hesabu hiyo, lakini aijua.

Jambo la kushika hapa ni kwamba ngalawa haisimami kwa kuwa ni nzito wala kwa kuwa inakwenda chini sana. Yasimama kwa kuwa imejitandaza. Tutalirudia jambo hili tukifika kwa mwogeleaji.

Safari hupangwa kwa upepo na kwa mwezi, wala si kwa saa ya ukutani peke yake. Kaskazi huvuma kama kutoka Desemba mpaka Machi, na kusi baada ya hapo mpaka karibu na Septemba. Kusi likiwa kali bahari huchafuka, na mgeni haoni kitu chini ya maji. Asubuhi na mapema kuna umande, upepo mwembamba utokao bara kwenda baharini, ambao huichukua ngalawa bila taabu. Mchana upepo hugeuka ukavuma kutoka baharini, ukairudisha. Ama maji, hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu huwa bamvua, na kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwa Maziwe jambo hili ni kubwa, na sababu yake itaonekana mbele.

Sasa miwani. Mtu akifumbua macho ndani ya maji huona ukungu mtupu. Jicho letu limeumbwa kupinda nuru inayotoka hewani. Likigusana na maji, nuru haipindwi vya kutosha, kwa kuwa kioo cha mbele ya jicho na maji vinapitisha nuru karibu namna moja. Miwani ya kuzamia huweka hewa kidogo mbele ya jicho, nalo likaona tena. Lakini nuru itokayo majini kuingia katika hewa hiyo hupindwa njiani, na kwa hiyo kila kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo, kama kwa theluthi moja, na karibu kuliko kilivyo, kama kwa robo. Kumbuka robo hiyo. Mgeni hutazama mwamba ulio mbali na miguu yake akadhani waweza kukanyagwa. Hushusha miguu asimame, hakuti kitu, hushtuka, na mtu aliyeshtuka hupiga maji kwa nguvu na kumeza chumvi.

Kuna mrija pia, wa kupumulia, urefu wake kama sentimita 30 au 40. Wanafunzi wenye akili huuliza: kwa nini usiwe wa mita 2, tukazama na kutembea chini? Jibu ni uzito wa maji. Kwa kina cha mita 1 tu, maji hukandamiza kifua cha mtu kwa nguvu karibu sawa na gunia la mahindi la kilo 100. Misuli ya kifua haiwezi kulisukuma gunia hilo kila pumzi. Tena hewa uliyoitoa haifiki nje. Hukaa ndani ya mrija mrefu nawe ukaivuta tena ikiwa imechakaa. Asijaribu mtu jambo hili, hata mtoni.

Mwogeleaji huelea kwa njia ile ile ya ngalawa, yaani kwa kujitandaza. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1 na gramu 25 hivi, na mwili wa mtu mwenye pumzi kifuani ni mwepesi kidogo kuliko maji hayo. Akilala kifudifudi, uso ndani ya maji, mikono na miguu imenyooka, mrija mdomoni, bahari humchukua bila yeye kufanya kazi. Akitaka kusimama huharibu yote. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 au 5, na kikiinuliwa juu ya maji uzito huo wote humdidimiza. Hapo ndipo miguu hutafuta mahali pa kukanyaga.

Na chini yake kuna nini? Kuna matumbawe. Watu wa bara huyadhani kuwa mawe, na watu wengine wa pwani huyachoma chokaa, lakini tumbawe lililo hai ni mji wa wanyama. Kila mnyama ni mdogo, aghalabu mdogo kuliko punje ya mahindi, laini kama kamasi, mwenye mdomo mmoja na mikono midogo midogo ya kuizunguka. Ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho, nayo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe hupenda maji mepesi yenye nuru. Mnyama huyo hujijengea nyumba ya chokaa, na watoto wake hujenga juu yake. Matumbawe yenye matawi kama mti hukua upesi, pengine sentimita 10 kwa mwaka. Yale ya mviringo hukua kama sentimita 1 tu. Basi jiwe la ukubwa wa chungu cha kupikia kiburu, lenye kimo cha sentimita 30, huenda limeanza kujengwa kabla ya walimu wengine wa shule hii kuzaliwa. Kidole kikilipapasa huchubua wale wanyama. Kisigino kikilikanyaga huwaua, na matawi huvunjika kama biskuti.

Samaki wa hapo ni wengi kupita kuhesabu. Nitamtaja mmoja tu, pono, yule ambaye mtu mwenye usingizi mzito hufananishwa naye. Ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Huguguna mwamba kutafuta majani ya bahari, humeza na chokaa, na chokaa hiyo hutoka kwake ikiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ufuko mzuri tunaoupiga picha imepita tumboni mwa pono.

Matumbawe yetu yamepata mapigo makubwa. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita desturi. Ile mimea midogo ikawatoka wanyama, mwamba ukapauka, na sehemu nyingi zikafa. Kabla na baada ya hapo kulikuwa na wavuvi wa baruti katika pwani ya Tanga, jambo lililokatazwa na sheria, ambalo kwa sekunde moja huvunja kazi ya miaka mia. Mgeni mwenye miwani hawezi kujilinganisha na baruti, hiyo kweli. Lakini baruti haipigwi kila siku mahali pamoja, na wageni huja kila siku mahali pamoja. Kwa maoni yangu anayevunja zaidi ni mwoga kuliko mkorofi: mtu ambaye hakufundishwa kulala juu ya maji, akashtuka, akasimama. Kwa hiyo swali la wazazi na swali la mwamba yana jibu moja. Mtoto afundishwe kwanza kuelea, katika maji ya kiunoni pale ufukoni, na mtu ajuaye, siku nzima ikibidi, miwani usoni na mrija mdomoni, mpaka asahau kutafuta ardhi kwa miguu. Siku ya pili ndipo apande chombo, amevaa koti la kuelea, wawili wawili, nahodha akifunga chombo kwenye boya au kutia nanga penye mchanga mtupu. Asiyeweza abaki chomboni, hapana aibu. Mwalimu ambaye ana siku moja tu ya safari, mimi ningemshauri awaonyeshe wanafunzi ngalawa na ufuko, aache mwamba kwa safari nyingine.

Maziwe yenyewe yatutosha kwa mfano. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje, na kobe wa baharini, au kasa, walipanda huko kutaga kwa wingi. Serikali ilikifanya hifadhi mwaka 1975. Lakini miti ilikuwa imekwisha kukatwa, mchanga ukakosa mizizi ya kuushika, mawimbi na mikondo ikauchukua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakubaki mti hata mmoja. Leo ni fungu la mchanga mweupe, ambalo huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Kasa hawajapata habari hiyo. Bado huja usiku, huchimba, hutaga, na kurudi baharini. Mayai yahitaji kama miezi miwili ya joto la mchanga mkavu, na maji ya kujaa hayawapi hata siku moja. Kwa hiyo watu huyafukua kwa uangalifu, huyapeleka Ushongo, huyafukia tena juu ya ufuko mahali pasipofika maji, na vitoto hutoka huko.

Mgeni aendaye Maziwe siku ya bamvua hukuta mchanga umetoka saa tatu au saa nne, mpana, mkavu, bila kivuli cha mti wala maji ya kunywa. Kila kitu apaswa kukichukua kutoka bara, na takataka zake kuzirudisha. Mnamo saa sita maji huwa yanarudi, kwanza polepole pembeni, halafu kwa haraka. Nahodha akiita, watu hukusanya miwani na mirija, huhesabiwa, na kupanda. Upepo wa baharini umekwisha kuanza, na ngalawa hurudi Ushongo nao nyuma yake, tengo moja likikata maji na la pili likiruka juu kidogo.