Trela "Tayari kwa Sola": Waya Upo, Umeme Bado



Kamati mbili zimetuuliza jambo moja. Sharika rafiki huko Marekani zimejitolea kutoa trela la safari lililokwisha kutumika, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, ili litumike kwa kliniki ya mkoba ya mama na mtoto katika vijiji visivyo na zahanati wala umeme wa gridi. Maelezo ya trela yanasema liko "tayari kwa sola". Kamati zimeelewa kwamba umeme umo tayari, na moja imekwisha kuondoa fungu la sola katika bajeti yake. Tunaandika ili fungu hilo lirudishwe.

Ndani ya trela la Marekani kuna umeme wa namna mbili. Wa kwanza ni wa volti 12, unaotoka kwenye betri na kuendesha taa, pampu ya maji na feni. Wa pili ni wa volti 120, unaoingia kwa kebo nene pale trela linapoegeshwa kwenye kambi yenye umeme. Huo ndio wa soketi za ukutani na kiyoyozi. Kipo pia kifaa kinachopokea umeme wa kambi na kuchaji betri. Sola huungwa upande wa betri. Kwa hiyo hata paneli zikifungwa vizuri, soketi za ukutani hazitatoa kitu mpaka inunuliwe inveta, na kiyoyozi tukisahau.

"Tayari kwa sola" maana yake ni kwamba kiwanda kilipitisha waya kabla ya kuziba kuta. Tusilidharau hilo, kwani kupitisha waya katika ukuta uliokwisha kuzibwa ni kazi ya kubomoa. Lakini waya wenyewe si wa aina moja. Matrela mengine yana soketi ndogo ubavuni kwa nje, na waya wake huenda moja kwa moja hadi kwenye betri kupitia fyuzi. Hiyo imekusudiwa paneli ya kubebeka inayotandazwa chini, ambayo mara nyingi ina kontrola yake mgongoni. Katika mengine waya hushuka kutoka paani hadi kabatini, na ncha zake zimekunjwa zikisubiri kontrola. Mtu akiiunga paneli isiyo na kontrola kwenye waya wa aina ya kwanza, ameikutanisha paneli na betri ana kwa ana.

Hapo ndipo fedha za wafadhili hupotea. Paneli inayoitwa ya volti 12 hufikia volti 21 au 22 ikiwa juani bila mzigo, wakati betri ya risasi na asidi huchajiwa kwa volti kama 14.4, kisha hupunguziwe ikikaribia kujaa. Bila kontrola maji ya betri huchemka na kukauka, na hutoka gesi ya haidrojeni ambayo cheche moja inaweza kuilipua. Chumba hicho watakaa mama na watoto wachanga.

Unene wa waya nao una hesabu yake. Nyaya nyingi za kiwanda ni zile Wamarekani wanazoziita namba 10, kama milimita za mraba 5, nene kuliko waya wa 2.5 tunaofunga kwenye soketi za majumba yetu. Fundi akiuona ataridhika. Lakini waya huo ukiwa na mita 6 za kwenda na 6 za kurudi, kwa ampea 10 hupoteza volti 0.4 njiani. Kwa umeme wa volti 230 hiyo si kitu, na kwa volti 12 inavumilika. Ongezeni paneli hadi ampea 30: sasa zinapotea volti 1.2. Kontrola iliyo mbali ikitoa 14.4, betri hupata 13.2, na jua linaweza kuzama kabla haijajaa. Dawa ni kuiweka kontrola karibu kabisa na betri. Dawa nyingine ni kuunga paneli mfululizo, ikiwa kontrola inazikubali volti hizo: paneli tatu zikifungwa hivyo, ampea hubaki za paneli moja, na nguvu inayopotea njiani huwa sehemu moja tu ya tisa. (Nyumba zetu za watumishi zilizofungwa waya wa 1.5 zikisubiri gridi zina shida hiyo hiyo zinapowekewa taa za volti 12.)

Kuhusu rangi tunawasihi mafundi. Huku tumezoea kwamba waya mweusi wa betri ni hasi. Katika nyaya za volti 12 za matrela ya Marekani, mara nyingi mweusi ndio chanya na mweupe ndio hasi. Tena baadhi ya soketi za ubavuni zimegeuzwa chanya na hasi, ingawa umbo la plagi ni lile lile. Fundi apime kwa mita kwanza. Na ile kebo nene ya volti 120 isichomekwe kamwe kwenye umeme wetu wa volti 230.

Mlango nao uko upande wa kulia, kwa kuwa kule magari hupita kulia; huku mama mwenye mtoto mgongoni atashukia barabarani. Si habari ya sola, ila dereva na muuguzi wajue.

Sasa matumizi. Paneli moja ya wati 100, siku ya jua zuri, tuihesabie wati-saa 350 baada ya hasara. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 5 hula 100. Kompyuta ya wati 50 kwa saa 4 hula 200. Zinabaki 50 za pampu na simu. Betri ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi isitumike zaidi ya nusu, yaani siku mbili za mawingu.

Friji ya chanjo haimo katika hesabu hiyo, wala isiingizwe. Chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ya trela ilitengenezwa kwa maziwa na soda. Friji ya chanjo ya sola huwa na paneli zake peke yake. Kwa siku ya mkoba, chanjo ziendelee kutoka kituoni katika visanduku vyake vyenye pakiti za barafu.

Kabla kamati haijajibu "ndiyo", iwaombe marafiki picha za mahali betri ilipo, soketi ya ubavuni, tundu la waya paani na kabati zinapoishia ncha. Mzileteni ofisi ya miradi pamoja na orodha ya vifaa mtakavyowasha na saa za kuwasha kila kimoja. Bei ya paneli, kontrola, betri, fyuzi na inveta iandikwe katika ombi lile lile la kusafirisha trela, kwa sababu mfadhili aliyekwisha kulipa meli huamini kwamba ametoa kliniki iliyokamilika.