Shukrani ya Msafiri ni Jembe

Dereva wa miraa kati ya Maua na Nairobi huishi barabarani miezi nenda rudi, kwani miraa ikinyauka haina soko. Akirejea kwake Kaaga, pembezoni mwa mji wa Meru, hukuta migomba imepaliliwa, ng'ombe amekamuliwa, watoto wako shuleni. Kazi hiyo imefanywa na waliobaki. Ndiyo maana naamini shukrani ya msafiri isiishie kupasifu nyumbani. Iwafikie wanaopafanya pawe nyumbani. Wapo watakaosema pesa anazotuma zinatosha. Kweli zinalipa karo, lakini hazimuuguzi mzazi usiku. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba alishike siku ya kwanza.