Mkuku wa Kushusha na Kupandisha: Anza na Pini, Rangi Ije Baadaye

Miongoni mwa mashua ndogo za tanga zilizoundwa kwa wingi Marekani, Catalina 22 ina sifa ya pekee. Ilibuniwa na Frank Butler, ikaingia sokoni mwaka 1969, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 15,000. Nyingi za zamani zina mkuku wa chuma wa kilo 250 hivi, unaoning'inia kwenye pini moja kama mlango kwenye bawaba. Mkuku ukishuka, mashua huhitaji kina cha mita 1.5, ukipandishwa, mita 0.6 zinatosha kusogea ufukweni au kupanda trela.

Mkuku huo ndio farumi inayoizuia mashua isipinduke, na ndio unaoizuia isisukumwe demani inapobisha. Kazi zote mbili zinategemea pini yenye unene wa sentimita 2.5 hivi. Kwa hiyo, mwenye mashua kuukuu asianze kwa kununua rangi. Aanze kwa kuikagua pini.

Dalili ya kwanza ni sauti. Mashua ikiwa imetia nanga, kila wimbi likipita utasikia chuma kikigonga chini ya sakafu. Maana yake pini imelika, au tundu lake limepanuka na kupoteza uduara. Kuyumba kwa mkuku huvisaga vyote viwili taratibu. Tena chuma na shaba nyeusi zikigusana katika maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa.

Kazi yenyewe hufanyika nchi kavu. Inua mashua juu ya vihimili imara, kisha uegemeze mkuku kwenye magogo na jeki kabla ya kugusa bolti yoyote. Usiingize mkono wala kichwa chini ya mkuku ulioshikwa peke yake na waya wa winchi unaoupandisha: kilo 250 hazikupi nafasi ya pili. Ondoa bolti nne zinazoshika vibebeo vya pini, ushushe mkuku polepole, kisha upime pini na tundu. Tundu likiwa limepanuka, pini mpya peke yake haitafaa. Fundi mitambo alitoboe upya likiwa limenyooka, atie bushi ya shaba nyeusi, kisha pini mpya. Washa za pembeni zipunguze kuyumba, lakini ziache nafasi ya mkuku kushuka kwa uzito wake wenyewe.

Sasa ndiyo zamu ya kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana huvimba na kuibandua rangi. Piga mchanga kwa mashine mpaka chuma king'ae, kisha upake epoksi siku hiyohiyo, kwani chuma kitupu huanza kushika kutu tena baada ya saa chache. Mashimo yajazwe kwa epoksi nzito na kulainishwa kwa msasa. Rangi ya kuzuia chaza, ikiwa na shaba ndani yake, isigusane na chuma kitupu. Itarudisha ulaji uleule uliotoka kuutibu.

Usirudishe mkuku bila kukagua waya wa winchi na mpira unaoufunika pale unapoingia ndani ya mashua. Waya ukikatika, mkuku huanguka kwa kishindo na unaweza kupasua faiba. Mpira ukipasuka, maji huingia ngamani kimyakimya. Vyote viwili ni vya bei ndogo, basi vibadilishe mkuku ukiwa chini.

Na ukienda kununua mashua ya aina hii, kabla ya kutazama matanga au mito ya viti, ushike mkuku kwa chini uutikise kulia na kushoto. Ukicheza sana, ingiza gharama ya pini, bushi na fundi katika bei. Muuzaji akikataa, tafuta nyingine.