Pahali Pasipo Udongo

Wakristu wengi wanatuuliza habari za mashini mpya zinazompeleka mtu mbali huku ameketi kitini pake. Wengine wanazisifu bila kipimo, wengine wanaziogopa kama uchawi. Padri wa kesho asisifu wala asiogope kabla ya kufahamu. Basi tueleze kwanza pahali hapo ni pahali gani, halafu namna zake, na mwisho tuone inatupasa kushika nini.

I. Ni pahali gani?

Mtu anavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote mawili. Mbele ya kila jicho kuna kioo kidogo chenye picha. Picha ya jicho la kuume inapishana kidogo na ile ya jicho la kushoto, na kwa sababu ya tofauti hiyo akili inaona karibu na mbali, kama tunavyoona kila siku. Akigeuza kichwa, mashini inapima mwendo wake na kubadili picha papo hapo. Katika sinema mtu anatazama tu. Hapa anajiona kuwa ndani. Mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alitengeneza mojawapo ya mashini za kwanza za namna hii mwaka 1968. Ilikuwa nzito hata ikapaswa kutundikwa darini. Leo inavaliwa kichwani bila shida.

II. Namna zake

Namna ya kwanza ni pahali pa kujifunzia. Tangu mwaka 1929 Edwin Link, wa Marekani, aliunda sanduku ambamo mapiloti walijifunza kuongoza ndege bila kuacha ardhi. Siku hizi piloti anazoezwa hivi kuzima moto wa injini, naye akikosea hafi mtu. Waganga nao wanajizoeza kupasua kabla ya kumgusa mgonjwa. Kesho huenda muuguzi wa kijiji cha mbali atafundishwa vivyo hivyo. Hakuna neno la kukataza hapa.

Namna ya pili ni pahali pa kutembelea. Mwezi wa Novemba 2024 Vatikani ilitangaza mfano wa Basilika ya Mtakatifu Petro uliotengenezwa pamoja na kampuni ya Microsoft kwa picha zaidi ya 400,000. Asiyeweza kulipa safari ya Roma anaweza kuitazama. Tukumbuke pia kanisa la Notre-Dame la Paris, lililoungua tarehe 15 Aprili 2019. Kabla ya moto wataalamu walikuwa wamepima kuta zake kwa mwali wa laser, na vipimo hivyo vilisaidia katika kazi ya kulirudisha. Lakini tuangalie vema: picha kamili ilikuwapo, na hata hivyo mafundi walichonga mawe, wakakata mialoni, wakafanya kazi zaidi ya miaka mitano, mpaka milango ikafunguliwa tena mwezi wa Desemba 2024. Kama picha ingalitosha, wangalisumbuka kwa nini?

Namna ya tatu ni pahali pa kukutana. Tangu mwaka 2003 mchezo uitwao Second Life umewapa watu mwili wa picha, ambao kwa huo wanatembea, wanaongea na kufanya biashara. Katika siku zijazo mama wa Bukavu na mwanawe aliyeko Brussels wataweza kuonana kana kwamba wameketi kwenye meza moja. Ni furaha kubwa kwa jamaa zilizotawanyika. Lakini anayeficha uso wake anaweza kuficha pia nia yake. Wazazi wajue nani anaongea na watoto wao.

Namna ya ine ndiyo ngumu zaidi: pahali pa kukutana na wafu. Mwaka 2020 televisheni ya Korea ya Kusini ilionyesha mama mmoja aliyevaa miwani hiyo, akamwona binti yake marehemu, akasikia sauti, akanyosha mkono ampapase. Mkono haukukuta mwili. Tusimcheke mama huyo. Katika nchi yetu, ambamo vita vimeacha wafiwa wengi, kuna wazazi ambao wangetoa vyote kwa kuona uso huo dakika moja. Lakini kilichosema si mtoto. Ni mashini iliyofundishwa kufuata sura yake. Sisi tunawaombea wafu wetu na tunangoja ufufuko. Mfiwa anayerudi kila jioni kwenye picha anaweza kusahau kungoja.

III. Tushike nini?

Tuulize: Je, Misa na sakramenti zinaweza kutolewa pahali hapo? Mwaka 2002 Baraza la Kipapa la Upashanaji Habari lilijibu wazi kwamba hakuna sakramenti katika intaneti. Sababu si ugumu wa moyo. Maji yanapashwa kugusa kichwa, mafuta yapakwe, mkate uliwe.

Mtu atasema: Yezu alimponya mtumishi wa jemadari bila kuingia nyumbani mwake. Ni kweli. Neema ya Mungu haizuiwi na umbali. Kwa hiyo tangu mwaka 1985 Eklezya inakubali kwamba mwenye kupokea baraka ya Papa kwa redio au televisheni, kwa moyo wa ibada, anapata rehema kamili. Lakini Mwana wa Mungu hakuja kwetu kama picha. Alitwaa mwili, akamgusa mwenye ukoma. Sakramenti zinafuata njia hiyo.

Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid, makanisa mengi yalifungwa, na tarehe 27 Machi ulimwengu ulimtazama Papa Fransisko akisali katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro. Wengi walifarijika. Hata hivyo tarehe 17 Aprili yeye mwenyewe alionya kwamba hiyo ni njia ya wakati wa shida, na kwamba Eklezya iko pamoja na watu na sakramenti.

Neno jingine linatuhusu sisi Wakongomani. Pahali hapo hapana udongo, lakini mashini zake zinatoka udongoni. Katika betri nyingi mna kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa upande wa Kolwezi na Likasi. Katika vyombo vidogo vya ndani mna tantali, ambayo inatoka katika koltani kama ile ya Rubaya. Wengi wanachimba kwa mikono, na watoto wameonekana kati yao. Atakayehubiri juu ya mashini hizi asiwasahau hao.

Mwisho, tujiangalie wenyewe. Hatari si ya walei tu. Siku itafika ambapo padri, akiona mvua na njia ya matope, ataweza kupeleka sura yake na sauti yake kwa mgonjwa, na kubaki nyumbani. Sauti hiyo itafariji, na njia ikikatika kabisa tuitume kwa shukrani. Lakini mafuta matakatifu hayapiti katika telefone. Njia ikipitika, tuchukue mafuta na Ukaristia, tuende.