Gharama za Kuuza Sufu: Khabari za Wafugaji Wadogo wa Alpaka



Mwaka 2024 Umoja wa Mataifa uliufanya kuwa mwaka wa wanyama wa jamaa ya ngamia, na mwaka uliofuata, 2025, ukawa mwaka wa vyama vya ushirika. Mambo haya mawili yalitupa hamu ya kutafuta khabari za watu walio katika yote mawili, nao ni wafugaji wadogo wa alpaka. Watu hawa kufuga wanakujua tangu enzi za mababu zao. Taabu yao ni kuuza, khasa zile gharama zilizo baina ya zizi la mfugaji na mlango wa kiwanda, na nani azichukue. Kila mwenye mazao machache yafaa alifahamu jambo hili, na ndiyo sababu tumeliandika hapa.

MNYAMA NA SUFU YAKE

Alpaka ni mnyama wa jamaa ya ngamia, lakini ni mdogo, hana nundu, na mwili wake wote umefunikwa na sufu. Kwao ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, khasa nchi ya Peru, na baada yake Bolivia na Chile. Hukaa juu sana, baina ya mita 3,500 na 5,000 kutoka usawa wa bahari, mahali penye baridi kali ambapo kilimo ni shida na malisho ndiyo rasilimali. Sensa ya kilimo ya Peru ya mwaka 2012 ilihesabu alpaka zaidi ya milioni 3 na nusu, na hapana nchi nyingine inayoikaribia hesabu hiyo. Wengi wa wanyama hao wamo mikononi mwa jamaa ndogo ndogo, kila moja na kundi lake dogo.

Alpaka hunyolewa mara moja kwa mwaka, na wengine kila baada ya miaka miwili. Mnyama mmoja hutoa sufu ya ratili 4 au 5 hivi, na ratili moja ni karibu nusu kilo. Sufu yenyewe ni laini, nyepesi na yenye joto. Mwaka 1836 tajiri mmoja wa Uingereza, Titus Salt wa mji wa Bradford, alinunua mzigo wa sufu ya alpaka uliokuwa umelala katika bandari ya Liverpool bila ya mtu kuutaka. Akatafuta njia ya kuisokota kwa mashine, akatajirika hata akawajengea wafanya kazi wake mji mzima, Saltaire, ambao kiwanda chake kilifunguliwa mwaka 1853. Tangu wakati huo thamani ya sufu hii inajulikana Ulaya. Lakini thamani kujulikana Ulaya ni jambo moja, na thamani hiyo kumfikia mwenye mnyama ni jambo jingine.

BEI YA KUFAGIA

Sufu ya alpaka mmoja haiwi sawa yote. Ile ya mgongoni na ubavuni ni nyembamba, na ile ya miguuni na kifuani ni nene na ngumu. Viwanda hupima wembamba wa unywele kwa maikroni, na maikroni moja ni sehemu moja katika elfu ya milimita. Katika soko la Peru, sufu isiyozidi maikroni 23 huitwa sufu ya mtoto, ijapokuwa hutoka hata kwa mnyama mzima, nayo ndiyo yenye bei. Baada yake zafuata daraja nyingine, mpaka ile inayozidi maikroni 31 na nusu, ambayo ni nene na bei yake ni ya chini. Kuitenga sufu katika daraja hizi ni kazi ya mikono na macho, na kule hufanywa zaidi na wanawake waliozoea, mtu akaijua daraja kwa kuipapasa tu. Nasi hapa tunajua kuchambua ni nini, na tunajua karafuu zilizochanganyika na makonyo zinavyotazamwa na mnunuzi.

Desturi ya zamani kule milimani ni kwamba mchuuzi huja mpaka nyumbani, akaitia sufu yote katika mzani mmoja kwa bei moja, nzuri na mbaya pamoja. Kwa Kihispania wenyewe huita biashara hiyo kuuza kwa kufagia. Mara nyingi mchuuzi huyo ameshamkopesha mfugaji chakula au fedha miezi ya nyuma, kwa hiyo bei imekwisha kukatwa kabla mnyama hajanyolewa. Wazee wetu waliijua biashara ya namna hii, ya kuuza mazao yangali mtini.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, aliyelea mnyama mzuri hulipwa sawa na aliyelea mnyama hafifu. Pili, mtu akilipwa kwa uzito tu hutafuta uzito, na unywele mnene ndio mzito. Basi vizazi vikipita, kundi hupoteza wembamba wa sufu yake, na pamoja nao hupotea ile thamani iliyomvuta mnunuzi tangu mwanzo.

HESABU YA LORI

Ni rahisi kusema kuwa mchuuzi ndiye adui. Sisi twaona yafaa kwanza tumfanyie hesabu ya haki. Mchuuzi hupanda milima kwa njia mbovu, hulipa lori, hutoa fedha taslimu, na huchukua khasara ya mchanga na uchafu uliomo katika sufu. Kazi hiyo lazima ifanywe na mtu. La kujua ni gharama yake khasa ni kiasi gani, na kwa nini mfugaji mdogo hawezi kuifanya peke yake.

Natuweke mfano. Hesabu hii ni ya kufahamishia tu, si bei ya nchi wala ya mwaka wowote, nasi tumeiandika kwa shilingi ili iwe nyepesi.

Mfugaji ana wanyama 50, naye amepata sufu ratili 200. Mjini bei ni shilingi 10 kwa ratili, na mchuuzi mlangoni hutoa shilingi 8. Kukodi lori na kukaa mjini mpaka auze ni shilingi 500. Akigawa 500 kwa ratili 200, gharama ni shilingi 2 na senti 50 kwa kila ratili. Hubakiwa na shilingi 7 na senti 50. Basi kumwuzia mchuuzi ni bora kwake, na anayemlaumu hajui hesabu.

Sasa wafugaji 25 wa namna hiyo waungane. Sufu yao ni ratili 5,000. Lori ni lile lile. Waongeze ghala, karani, mizani na daftari, na gharama hizi zote pamoja na lori ziwe shilingi 3,000 kwa msimu. Kila ratili huchukua senti 60. Kuchambua nako kuwe senti 60 kwa ratili. Jumla ni shilingi 1 na senti 20, na mwanachama hubakiwa na shilingi 8 na senti 80. Amempita mchuuzi kwa senti 80 katika kila ratili, yaani shilingi 160 kwa mzigo wake wote, na hapo hatujahesabu nyongeza ya bei inayoletwa na sufu iliyochambuliwa.

Faida hiyo si ya kutajirisha mtu, lakini ipo. Na chanzo chake ni kimoja: gharama ya kuuza haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo. Ama wenye mizigo midogo huigawana, ama hutokea mtu mwingine akaichukua pamoja na faida yake.

MAHALI USHIRIKA UNAPOVUNJIKA

Hesabu ile ile huonyesha pia hatari yake. Mchuuzi akijua mambo, msimu mmoja hupandisha bei mpaka shilingi 8 na senti 50. Bei ya ushirika bado ni juu, lakini malipo yake hukawia, na yeye fedha anayo mkononi. Wanachama 10 wakamwendea. Waliobaki ni 15, na sufu yao ni ratili 3,000. Zile shilingi 3,000 za ghala na lori hazikupungua, kwa hiyo sasa kila ratili huchukua shilingi 1, na pamoja na kuchambua ni shilingi 1 na senti 60. Mwanachama mwaminifu hupata shilingi 8 na senti 40. Yule aliyetoka amepata zaidi kuliko aliyebaki.

Msimu wa pili wengine 10 hutoka, na hapana wa kuwalaumu, maana hesabu iko wazi. Hubaki watu 5 wenye ratili 1,000, gharama yao ni shilingi 3 na senti 60 kwa ratili, nao hupata shilingi 6 na senti 40. Ghala hufungwa. Na ghala likifungwa, mchuuzi hana tena sababu ya kutoa shilingi 8 na senti 50, wala hata 8.

Kwa hiyo ushirika wa kuuza hauhitaji maneno matamu. Wahitaji mambo matatu. La kwanza ni fedha za malipo ya mwanzo, ili mwanachama apate kitu siku anayoleta mzigo, na akamilishiwe haki yake baada ya kuuzwa. Mwenye mtoto wa kupeleka hospitali hawezi kungoja meli ifike Ulaya. La pili ni kulipa kwa daraja, ili mwenye sufu njema asione kuwa anambeba jirani. La tatu ni daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, kwani mali bila daftari hupotea bila khabari. Huko Peru chama cha ushirika kinachoitwa COOPECAN kimeifuata njia hii ya kukusanya sufu za wafugaji wa wilaya mbali mbali, kuichambua na kuiuza pamoja.

Na ushirika wa amri hauna nguvu. Mwaka 1969 serikali ya Peru ilianza kuvunja mashamba ya mabwana wakubwa, na mengi ya nchi ya malisho yaligeuzwa kuwa vyama vikubwa vya pamoja. Wafugaji wengi hawakuviona kuwa ni vyao, na katika miaka ya 1980 vingi vilivunjwa, ardhi ikagawiwa vijiji.

KHABARI ZA MAREKANI

Gharama hizi si za milimani tu. Marekani walianza kuleta alpaka kwa wingi mwaka 1984, na mwaka 1998 daftari lao la kizazi likafungwa, wanyama wapya wa kutoka nje wasiandikwe. Wafugaji wa huko ni watu wenye wanyama wachache katika kishamba, na bei ya mnyama mmoja wa kuzalisha ilipanda hata ikafika maelfu mengi ya dola.

Gharama kubwa ya kuuza kwao ilikuwa ni kujitangaza: tangazo katika gazeti, ada ya maonyesho, kusafirisha wanyama mpaka uwanjani. Kila mmoja alilipa peke yake ili aseme wanyama wake ni bora kuliko wa jirani. Wenye busara waliungana: kibanda kimoja cha maonyesho kwa mashamba kadhaa, tangazo moja lenye majina yote, siku moja ya kuwakaribisha wageni. Mwaka 1998 kikaundwa chama cha ushirika cha sufu ya alpaka cha Amerika ya Kaskazini, ili sufu za wanachama zikusanywe pamoja. Sababu ni ile ile. Mtu mwenye wanyama 10 wa rangi 3 na daraja 4 hana mzigo ambao kiwanda chaweza kuutia mashineni. Lakini watu 200 wa namna hiyo wanao.

Hata hivyo wengi waliendelea kutegemea kuuza wanyama kwa wafugaji wapya, si kuuza sufu. Mwaka 2007 wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, Tina Saitone na Richard Sexton, walitoa maandishi yakionyesha kuwa bei zile hazikuwa na msingi katika thamani ya sufu. Baada ya mwaka 2008 bei zilianguka vibaya, na aliyenunua kwa maelfu hakupata hata wa kumpa bure. Matangazo yaliwapatia wanunuzi wa wanyama, lakini hayakuwajengea soko la sufu. Fedha za kutangaza zilizotumika kumleta mfugaji mpya zilikwisha siku wafugaji wapya walipokwisha.

LA KUFANYA

Twawaomba wanachama kila mmoja achukue karatasi, aandike mzigo wake wa msimu uliopita, na chini yake aandike kila senti aliyoitoa tangu kuchuma mpaka kupokea fedha: magunia, kuchukuliwa, mizani, siku alizopoteza njiani, na riba ya deni kama lilikuwapo. Kisha agawe kwa uzito wa mzigo. Hesabu hiyo aje nayo kwenye mkutano. Zikiwekwa pamoja karatasi za watu 20 tu, tutaona wenyewe ni gharama zipi zinaweza kugawanywa, na zipi kila mtu hana budi kuzibeba peke yake.

Katibu