Funguo za chuo: ziko mikononi mwa nani?

Chumba cha kompyuta kikikutwa wazi asubuhi, mlango haukuvunjwa na mashini zimetoweka, sentineli ndiye wa kwanza kushukiwa. Lakini funguo ngapi za mlango ule zilitolewa, na kwa nani? Mara nyingi daftari halijibu.

Programu ya kufuatilia funguo inasaidia kujibu. Kila ufunguo unapewa namba. Mfanyakazi ao mwanafunzi akiuchukua, jina lake, mlango na siku ya kuurudisha vinaandikwa. Siku ikipita, programu inatoa onyo. Mwenye kuacha kazi ao kumaliza masomo anadaiwa mpaka aurudishe.

Hatari kubwa ni ufunguo mmoja unaofungua milango yote. Mwaka 2021, karibu na Berlin, Ujerumani, stajiere mmoja wa gereza alituma picha ya ufunguo wa namna hiyo kwa WhatsApp. Kufuli 600 hivi zilibadilishwa. Ndiyo maana ufunguo huo unapaswa kupewa watu wachache, wanaojulikana.

Programu haizuii mtu kuchongesha nakala sokoni. Na umeme unakatika, basi daftari lisitupwe. Ila majina yakiandikwa vizuri, sentineli hatalipia kosa la mwingine.